Mshono Chini ya Kiti cha Nyuma

Kazi yake ni kushona viti vya magari, na wateja wote humwita Fundi Viti, hata wale wanaolijua jina lake. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la matairi. Ndani mna cherehani mbili, ya kitambaa na ya ngozi, meza ya kukatia iliyojaa mistari ya chaki, na harufu ya gundi ambayo mumewe husema hufika nyumbani kabla yake. Ukuta mmoja umefunikwa na vipande vya ngozi vilivyopigiliwa misumari. Nyuma ya kila kipande ameandika kilitoka gari la nani na kilishonwa kwa sababu gani. Mtindo huo aliurithi kwa baba yake, aliyemfundisha kazi. Mteja akirudi baada ya miaka mitano na kiti kimechanika tena, Fundi hana haja ya kukisia rangi.

Kwa miaka ishirini na miwili ameingia na kutoka katika magari ya watu. Dereva mzito humjua kwa sponji iliyolala upande wa mlango. Mwenye haraka humjua kwa zulia lililotoboka chini ya kisigino. Mwenye watoto wadogo hata hamuulizi, makombo ya biskuti yanamsemea. Lakini magari hayo yote aliyajua yakiwa yamesimama. Jioni wenyewe huja kuyachukua, naye hushusha mlango wa bati na kurudi nyumbani kwa miguu.

Mwaka ule kampuni moja ya mabasi ilimpa kazi ya kushona upya viti vya mabasi yake yote. Alishona miezi saba, mgongo ukakakamaa, na alipomaliza akalipwa kwa mkupuo. Siku hiyo hiyo, kabla hata hajavua viatu, alimwambia mumewe kwamba anataka gari. Tena si gari la kubahatisha. Alitaka lile refu la kifahari, la viti vya ngozi halisi, hata kama limeshatumika.

Mumewe ni mwalimu wa hesabu, mtu anayekata mche wa sabuni vipande vitatu ili uishe polepole. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Mama Watoto, gari la namna hiyo halinywi mafuta, linaoga," alisema.

"Nitaliogesha mimi."

"Na vipuri?"

"Mwalimu, nimeshonea watu viti mpaka vidole vimeota sugu. Nataka na mimi nikalie kimoja kikiwa kinatembea."

Mwalimu alipiga hesabu zake. Watoto wao wawili walikuwa wameshajitegemea, nyumba ilikuwa yao, na fedha zilikuwa za jasho la mkewe. Akavaa miwani yake na kusema basi watakwenda kuangalia, kuangalia tu.

Jumamosi wakaenda kwenye yadi ya mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Tabasamu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona uso wake umetulia. Yadi ilikuwa kando ya barabara kuu, imemwagwa kokoto nyeupe, na magari yamepangwa yakitazama nje. Gari lenyewe lilikuwa mwisho wa safu, rangi ya fedha, refu, limeng'arishwa hadi Fundi akajiona mlangoni amepinda kama kijiko. Viti vyake vilikuwa vya ngozi ya rangi ya chai ya maziwa.

Bei aliyoitaja Tabasamu ilikuwa karibu nusu ya ile ambayo Fundi alikuwa amejiandaa kubishania. Badala ya kufurahi, machale yakamcheza.

"Mbona rahisi hivyo?" aliuliza.

"Mwenyewe anahama nchi, mama yangu. Ana haraka."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mtu mmoja mkubwa tu, hapendi kutajwa." Tabasamu alicheka. "Na nisikufiche, kuna mteja mwingine anakuja kesho saa nne na fedha mkononi."

Fundi alikwisha kumsikia huyo mteja wa saa nne katika kila yadi aliyowahi kukanyaga. Alifungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Harufu ya manukato ilimpiga puani kama duka la harusi. Mtu akimwaga manukato kiasi hicho garini, aliwaza, kuna kitu hataki kinuswe. Mazulia yalikuwa mapya kabisa, na gari kuukuu lenye mazulia mapya nalo lilimtia shaka. Akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango, akakuta chembe za rangi zimegandamana mahali ambapo kiwanda hakiachi uchafu.

Alipogeuka kumwonyesha mumewe, Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, amebonyeza kitufe fulani, na kiti kilikuwa kinamlaza taratibu kama mgonjwa anayehudumiwa vizuri. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Katika miaka thelathini ya ndoa Fundi hakuwahi kuuona uso ule.

"Mwalimu."

"Kinapasha joto mgongo," Mwalimu alisema bila kufumbua macho. "Hebu njoo usikie."

"Amka tuongee."

Aliamka shingo upande. Fundi akamwomba Tabasamu ruhusa ya kuchomoa mto wa kiti cha nyuma aone chini yake. Ni kazi ndogo, unabonyeza vishikizo viwili na kuuvuta kwa mbele. Kwa mara ya kwanza tabasamu la mwenye yadi likateleza kidogo.

"Mama, ukishalinunua utalifungua mpaka injini. Hapa kwangu hatuchokoi magari."

"Mimi ni fundi wa viti."

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Mwalimu alimvuta mkewe pembeni, akamnong'oneza kwamba anamwaibisha mtu mbele ya wateja wake. Fundi akaacha kubishana, lakini kichwani aliiandika ile *ndiyo maana nasema*. Akabadili njia. Akamwambia Tabasamu kwamba ana vitambaa vizuri vya kufunikia viti, na kabla ya kukata kauli angependa kuona kama vitakaa. Je, Jumatatu anaweza kulileta gari karakanani kwa dakika kumi? Tabasamu alipima maneno hayo, akasikia harufu ya mauzo, akakubali.

Jumatatu saa tatu gari lilikuwa mbele ya duka la matairi. Tabasamu hakubanduka. Alisimama kando ya mlango akimtazama Fundi anavyotandika kitambaa, akisifia rangi asizozijua majina. Kisha simu yake ikalia. Aliitazama, akasogea hadi nje kabisa, akazungumza kwa sauti ya chini, karakana ameipa mgongo.

Fundi hakungoja. Akapiga goti, akabonyeza vishikizo, akainua mto wa kiti na kuupindua.

Kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo abiria haoni na dereva haoni, palikuwa na mshono wa urefu wa mkono mmoja, umerudiwa mara mbili, kwa uzi wa kijani. Haukuwa uzi wa cherehani. Ulikuwa ule wa kuvulia samaki. Aliutambua kabla hata ya kuufikiria, kama unavyotambua mwandiko wako mwenyewe kwenye karatasi ya zamani. Ulikuwa mkono wake.

Miaka sita nyuma, daktari wa meno alimletea gari ambalo mbwa wake alifungiwa ndani yake kwa nusu saa na akakitafuna kiti cha nyuma. Uzi mnene ulikuwa umekwisha madukani wiki ile, na daktari alikuwa na safari. Fundi akaenda kununua uzi wa kuvulia samaki, akashonea sehemu zisizoonekana. Gari lile lilikuwa la bluu iliyoiva. Na miaka miwili iliyopita liliibwa kwenye maegesho, mji mzima ukampa daktari pole, Fundi naye akiwemo.

Alitazama sakafu ya bati pale mto ulipokuwa. Kuzunguka vichwa vya bolti, chini ya rangi ya fedha iliyopulizwa kwa haraka, bluu ilikuwa inachungulia.

Mikono ilifanya kazi yake. Akarudisha mto, akaubana, akatandika kitambaa juu. Tabasamu aliporudi alimkuta ameshika chaki.

"Vinakaa?" Tabasamu aliuliza.

"Vinakaa. Tutafikiri."

"Mnafikiri nini tena?" alisema, akamtazama kwa namna ambayo Fundi hakuielewa hadi kesho yake. "Haya, fikirini."

Jioni alimweleza mumewe kila kitu, sahani za chakula zikiwa bado mezani. Alitarajia Mwalimu ashtuke. Mwalimu alichezea kijiko.

"Pengine daktari aliliuza baadaye," alisema.

"Aliuza gari lililoibwa?"

"Pengine lilipatikana. Watu hubadili rangi za magari kila siku."

"Kadi ya gari aliyotuonyesha Tabasamu inasema lilikuwa la fedha tangu lilipoingia nchini."

"Basi pengine si lenyewe. Uzi wa kijani unauzwa kila mahali."

Fundi alimtazama vizuri. Mtu huyu huwarudishia wanafunzi mitihani kwa kosa la nukta, na leo alikuwa na *pengine* tatu kwa mpigo. Alikusanya sahani, na alipokuwa akiziosha alihisi kwamba mumewe, kule sebuleni, alikuwa akisubiri aulizwe swali fulani. Hakujua swali lenyewe ni lipi.

Kesho yake alikwenda kwenye zahanati ya daktari wa meno. Alichukua namba, akakaa kwenye benchi na watu walioshika mashavu, na zamu yake ilipofika daktari akamkaribisha kwenye kile kiti kirefu. Fundi aliketi ukingoni tu, miguu chini. Kwa mazoea mkono wake ulipapasa pembeni ya kiti ukakuta mahali palipochanika.

"Jino gani, Fundi?"

"Sina jino, Daktari. Nimeliona gari lako."

Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Kwamba daktari ataruka kwa furaha, au hatamwamini, au atauliza liko wapi. Daktari hakuuliza liko wapi. Alikwenda akaufunga mlango, akarudi, akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu," Fundi alisema. Mume hakumhesabu.

Daktari alivuta kigoda akakaa karibu naye, sauti yake ikawa laini, ile anayoitumia kwa watoto wanaoogopa sindano. Akasema kwamba yale mambo yamepita. Bima walishamlipa zamani. Gari likionekana leo ni kuitwa huku na huku, kuandika maelezo, usumbufu mtupu kwa kila mtu, na fundi aliyelitambua atakuwa wa kwanza kusumbuliwa. Akamgusa bega.

"Wewe linunue tu, Fundi. Nilikuwa nalitunza. Kwa bei hiyo hulipati tena."

Fundi aliuondoa mkono ule begani.

"Daktari," alisema, "sijakwambia kwamba linauzwa."

Daktari alitazama dirishani. Kisha akacheka kicheko kifupi, akasema gari la wizi lisipouzwa lifanywe nini. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine kabisa, akasema kwamba viti vyote vya zahanati vinahitaji kushonwa upya, hivi vya wagonjwa na yale mabenchi ya pale nje, na kwamba kazi hiyo angependa aifanye yeye, kwa bei atakayoitaja mwenyewe.

"Nitakuja kupima," Fundi alisema, akashuka.

Njiani alikuwa anawaza jinsi daktari alivyosema *kwa bei hiyo*. Aliijua bei. Na Tabasamu pale karakanani, *mnafikiri nini tena*, kama vile mambo yalikwisha kukamilika. Kila mmoja alikuwa anajua kitu ambacho yeye hakukijua, na vipande vyote vilikuwa vinaelekea mlangoni kwake.

Mwalimu aliporudi kutoka shuleni alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mbele.

"Ulirudi kule yadi?" Fundi alimuuliza.

Mwalimu aliweka mkoba chini. Alikaa ngazi moja chini yake, akawa anatazama barabara.

"Jumapili," alisema. "Ulipokuwa kwa dada yako."

"Ukafanya nini?"

"Nilitoa kishika uchumba. Alisema mteja wa saa nne yuko njiani."

Alikuwa amechukua akiba yake mwenyewe, ile ya kuezekea upya upande wa jikoni, akampa Tabasamu, akapewa karatasi yenye mhuri. Alitaka kumshtukiza mkewe kwa furaha. Baada ya kusikia habari za mshono hakuwa na mdomo wa kusema. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Hasira ilimpanda, lakini hakugomba. Kilichomuuma zaidi ni kwamba tangu jana yake yeye mwenyewe alikuwa amemwogopa mtu anayelala naye kitanda kimoja.

"Tunaweza kunyamaza," Mwalimu alisema polepole. "Sisi hatukuiba. Tukisema, ile fedha imepotea."

"Na tukinyamaza, nitakaa juu ya mshono ule kila siku nikijua ulifikaje pale."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kisha akainama akachukua mkoba wake. "Basi kesho nitaomba ruhusa shuleni," alisema. "Hutakwenda peke yako."

Asubuhi Fundi alichomoa msumari ukutani akachukua kipande cha ngozi ya rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake paliandikwa: daktari wa meno, mbwa, mto na kiegemeo cha mkono, uzi wa kuvulia. Wakaenda kituo cha polisi.

Afisa wa mezani aliwasikiliza akiwa na kalamu sikioni.

"Kwa hiyo gari la wizi lilikuwa karakanani kwako juzi?" aliuliza.

"Lililetwa na anayeliuza."

"Na mumeo amelilipia."

"Kishika uchumba," Mwalimu alisema.

"Na bado mnasema hamhusiki." Afisa alitoa kalamu sikioni. "Mama, mimi mtu akija kunipa habari nzuri hivi, namwangalia yeye kwanza."

Waliandika maelezo vyumba viwili tofauti, wakaulizwa maswali yale yale mara tatu. Mchana ndipo afisa na wenzake wawili walipowapakia nyuma ya gari la polisi kwenda yadi. Tabasamu aliwapokea kwa meno yote. Mwalimu alipomwona alitazama kokoto.

Mto wa kiti cha nyuma ulipovutwa, chini yake hapakuwa na uzi wa kijani. Palikuwa na mshono mweusi wa kiwandani, safi kabisa. Afisa alimgeukia Fundi. Tabasamu alikunja mikono kifuani.

Fundi alipiga goti. Akaupapasa mto, akaunusa. Ulikuwa umetoka gari jingine, ngozi yake imekolea zaidi, sponji yake ngumu. Basi daktari alikuwa amepiga simu. Halafu akakumbuka kwamba mbwa wa daktari hakutafuna mto peke yake.

"Naomba kisu kidogo," alisema.

Alikivuta chini kiegemeo cha mkono kilicho katikati ya kiti, akapasua kitambaa cha upande wa ndani kwa urefu wa kidole. Uzi wa kijani ulichomoza. Akakiweka kando yake kile kipande alichokitoa ukutani, akasimama, akawaachia wanaume watazame wenyewe. Kisha akawaonyesha bolti. Baada ya hapo afisa hakumuuliza tena maswali ya pembeni, na Tabasamu akaombwa afunge yadi aongozane nao.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Mpelelezi wa kampuni ya bima alikuja karakanani, mtu mwembamba, akapima mshono kwa rula na kumpiga picha Fundi kama mshukiwa. Daktari alikana, kisha akasema gari aliliazimisha, kisha akapata wakili na hakusema tena. Kesi ya kuidanganya bima bado inasikilizwa. Zahanati yake imefungwa na mabenchi yamebaki na michaniko yake. Fedha za Mwalimu hazikurudi. Upande wa jikoni bado unavuja, na mvua ikinyesha yeye mwenyewe hupanga ndoo bila kuambiwa.

Wateja nao walibadilika. Wengine walimsifu. Wengine wakaanza kuuliza, wakikabidhi funguo, kama ni lazima afungue kiti chote au atashona juu juu. Mmoja alikaa kwenye kigoda siku nzima akimtazama hadi alipomaliza. Miezi miwili kazi ilipungua, halafu ikarudi, kwa kuwa viti haviachi kuchanika. Fedha za mabasi zipo benki. Kila wanapopita yadi yoyote Fundi hutazama, na hakuna gari asilolitilia shaka.

Jioni moja walikuwa wanatembea kurudi nyumbani, Mwalimu amembebea mkewe mfuko wa vitambaa, naye Fundi akamuuliza jambo lililokuwa limemkaa kwa muda.

"Ile Jumapili ulikaa kule muda gani?"

"Kama saa nzima."

"Kutoa fedha saa nzima?"

"Fedha zilikuwa dakika tano." Mwalimu alihamishia mfuko bega la pili. "Nilimwomba anifungulie mlango. Nikakaa."

"Ukifanya nini?"

"Nilikaa kiti cha abiria, nikawa nakutazama wewe unaendesha."

Walitembea hadi kona ya duka la dawa, na walipovuka barabara Fundi alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo mbele za watu.